Mchezo Upi Uwafaao Watoto Wadogo?

Wazazi huniuliza mara kwa mara: Watoto wasiofika miaka 10 wafundishwe mchezo gani wa kuchezwa pamoja? Huku kwetu Kahororo jibu huja upesi: mpira wa miguu. Wala si ajabu, maana uwanja wa Kaitaba uko papa hapa Bukoba, nasi hupenda kwenda kuwatazama Kagera Sugar. Lakini swali hili si la miguu na mikono tu. Ni swali la haki.

Nitaungama kosa langu. Siku moja niliwatoa watoto zaidi ya 30 uwanjani, nikachagua 22 walio hodari, waliosalia nikawaambia watazame. Mmoja wao, mdogo kuliko wote, nikampa kazi ya kulinda mashati ya wenzake. Akayalinda vema hata mwisho, wala hakulia. Kesho yake mama yake akanijia, akasema bila hasira, “Mwalimu, jana nilimwuliza mwanangu, ‘Mmecheza nini leo?’ Akanijibu, ‘Wamecheza mpira.’” Hakusema “tumecheza”. Neno hilo lilinichoma, kwani nilitoka kwenda kuwafundisha umoja, kumbe nimewafundisha kutengana.

Tangu siku ile kipimo changu ni kimoja. Siulizi mchezo wampa nini aliye hodari, maana huyo atafurahi katika mchezo wowote. Nauliza wampa nini aliye mnyonge.

Haya, tupime. Katika mpira wa miguu wa watu 11 kila upande, mtoto mzito aweza kukimbia huku na huku asiuguse mpira hata mara moja. Lakini tukiwagawa wanne wanne katika viwanja vidogo, mpira humfikia kila mmoja. Tena wasipige mpira kwa kichwa. Mwaka 2015 chama cha mpira cha Marekani kiliwakataza jambo hilo watoto wa miaka 10 na walio chini yao, kwa kuhofia madhara ya ubongo.

Rede ni mchezo mtamu, na mpira wake waweza kufungwa kwa majani makavu ya mgomba. Ila apigwaye hutoka, na aliye mzito ndiye atokaye kwanza, naye ndiye aliyehitaji mazoezi kuliko wote.

Mpira wa pete una sifa yake. Mwenye mpira haruhusiwi kukimbia nao, wala kukaa nao zaidi ya sekunde 3. Hana budi kumpa mwenziwe. Hapo sheria yenyewe yafundisha kugawana. Ni kweli kwamba katika wachezaji 7 ni 2 tu wawezao kufunga; basi watoto na wabadilishane nafasi. Na wavulana wacheze pia, wasiambiwe kuwa ni mchezo wa wasichana.

Wako watakaosema, “Maisha ni mashindano, mtoto na azoee kushindwa mapema.” Nami nakubali kwamba kushindwa ni mwalimu. Lakini hushindwa aliyecheza. Aliyelinda mashati hakushindwa, aliachwa tu. Mashindano yana wakati wake. Huko Norwei wameweka kanuni kwamba orodha za matokeo zisitungwe mpaka watoto wafike mwaka wa 11 wa umri wao. Hata hivyo nchi ile haikosi mabingwa.

Basi, walimu wenzangu, samaki mkunje angali mbichi. Mtoto azoeaye kumpa mpira mwenziwe asiye hodari atajua kesho kumpa jirani nafasi yake. Nasi kabla ya kuchagua mchezo, na tujiulize kwanza: Je, twawachagulia watoto, au twajitafutia sifa sisi wenyewe? Jioni wakirudi nyumbani, tusikilize wasemavyo. Wakisema wote “tumecheza”, tumechagua vema.