Haki ya Nafsi na Haki ya Jirani

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake (s.a.w.), na ajue mwenye kusoma ya kuwa wema una milango miwili, na watu wengi huujua mmoja tu. Huujua wema wa kumtendea jirani; ama wema wa mtu kuitendea nafsi yake, huudhani kuwa ni uvivu.

Mwezi wa Aprili 2024, katika kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 1445, Mto Rufiji ulifurika ukaingia majumbani na mashambani katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Maji yale yale ambayo yakipungua huwaachia watu udongo mwema wa kulima mlao, mara hii yaliwatoa watu majumbani mwao, Muhoro na vijiji vingine, na mitumbwi ikapita palipokuwa njia.

Chukua mfano wa mwenye mtumbwi katika siku kama zile. Amevusha wazee na watoto tangu alfajiri, naye amefunga. Jua li utosini, mikono yatetemeka, macho yaona kiza, na ng'ambo wako wamwitao. Akiambiwa, "Fungua, bwana, unywe maji," hukataa, akidhani huko kukataa ndiko kumcha Mungu. Kiu imekwisha mfanya mkali, amkemea hata bibi kizee anayepanda polepole. Je, mtumbwi ukipinduka kwa udhaifu wa mkono wake, dhima ya wale watoto i juu ya nani?

Imepokewa ya kuwa Salman Al-Farsi alimzuru nduguye Abu Dardai, akamkuta mkewe amevaa nguo za kazi, hana hamu ya kujipamba, kwani mumewe ameiacha dunia: mchana hufunga, usiku husali. Kilipoletwa chakula Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake ale naye. Usiku akamlaza; ilipokuwa mwisho wa usiku wakaamka wakasali wote wawili. Kisha akamweleza kwamba Mola ana haki yake, na nafsi ina haki yake, na mke ana haki yake, kila mmoja apewe iliyo yake. Mtume (s.a.w.) alipopewa habari, alimsadikisha Salman.

Funga ile ilikuwa ya sunna, wala mtu asije akaifanya hoja ya kula Ramadhani kwa uchovu wa kawaida tu. Wako wapendao hoja kama hizo. Lakini katika madhehebu ya Imamu Shafi, mwenye kumwokoa anayekaribia kuangamia, ikiwa hawezi kumwokoa ila kwa kufungua, yampasa afungue. Si ruhusa tu. Naye atalipa siku ile kabla ya kuingia Ramadhani nyingine, na kwa kauli yenye nguvu atatoa pamoja nayo kibaba kimoja cha chakula, kama atoavyo mama anyonyeshaye aliyefungua kwa kumhofia mwanawe.