Kipaji na Dhamiri

Msomaji, mchezaji wa sinema hutamka maneno yaliyoandikwa na mtu mwingine. Je, ni haki aulizwe juu ya maana yake?

Mfikirie Paul Robeson, Mwamerika mweusi aliyezaliwa mwaka 1898, mwana wa baba aliyetoroka utumwani. Alisomea sheria, lakini sauti yake nzito ilimwita jukwaani. Mwaka 1935 alionekana katika Sanders of the River, picha iliyotengenezwa Uingereza juu ya Afrika. Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi London, alipata humo sehemu ndogo. Robeson alitumaini kuonyesha utu wa Mwafrika. Picha ilipokamilika, ikawa ni sifa ya watawala, na Mwafrika akawa mtoto wa kuongozwa.

Angeweza kujitetea kwamba yeye alicheza tu. Hakufanya hivyo, aliilaani picha hiyo waziwazi. Mwaka 1942 alitangaza kuiacha Hollywood, kwa kuwa ilimpa mtu mweusi sehemu za kumdhalilisha. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti kwa ajili ya siasa zake, hata mwaka 1958. Mapato yake yalianguka.

Je, alipata hasara? Mali, naam, nafsi, la. Kudanganywa si aibu. Aibu huanza pale mtu ajuapo kweli akanyamaza kwa kupenda malipo. Nawe, kijana, utapewa siku moja maneno ya mwingine uyaseme kwa ujira. Kabla ya kufungua kinywa, uliza yanamtumikia nani.