Ramadhani, siku ya 18: Sadaka inayotangulia maradhi



Leo nataka tuulizane swali moja, na nitaanza kwa kujishtaki mwenyewe, maana anayeuliza swali gumu ni vizuri aanze na nafsi yake.

Mwaka jana, katikati ya Shaaban, alinijia baada ya Alfajiri mzee mmoja wa safu ya kwanza. Wengi wenu mnamjua, na amenipa idhini nisimulie bila kumtaja jina. Kazi yake ilikuwa kusukuma mkokoteni wa maji hapa mtaani. Akaniambia amejisajili SHA, lakini ameambiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo mmoja, na pesa yake yeye huja mtungi kwa mtungi. Akauliza kama msikiti unaweza kumshika mkono. Nikamwambia, "Mzee wangu, subiri Ramadhani iingie, watu watoe zaka zao, tutaona." Akasema, "Sawa maalim, hakuna neno." Akaondoka akichechemea kidogo. Nilimuona anachechemea. Sikumuuliza.

Ramadhani ikaingia na shughuli zake, tarawehe, futari, darsa, na mimi nikasahau. Donda lililokuwa chini ya kidole chake halikusahau. Alikuwa na sukari na hajui. Aliogopa kwenda hospitali kwa sababu ya bili, basi akawa analifunga kitambaa na kuingia barabarani. Wiki mbili baada ya Idi wanawe walimbeba, na mguu ukakatwa chini ya goti.

Bili ilipokuja, mimi na nyinyi tukasimama imara. Tulitandika kitambaa mlangoni Ijumaa mbili, tukatuma ujumbe kwenye kila kikundi, walioko ng'ambo wakatuma, na bili ikalipwa yote. Nilisimama kwenye kipaza sauti nikawashukuru, na mlistahili kushukuriwa. Lakini usiku ule nilipiga hesabu, nikaona pesa ile ingemlipia yeye na nyumba nyingi za mtaa wake kwa miaka. Bili tuliilipa. Mguu hatukuweza kuulipa. Mkokoteni sasa unasukumwa na mwanawe, aliyekuwa kidato cha pili.

Swali langu la leo ni hili. Kwa nini mkono wetu ni mwepesi baada ya balaa, na mzito kabla yake? Na ipi kati ya hizo mbili iliyo karibu zaidi na ikhlasi?

Tazama aya za saumu zenyewe. Allah alipotufaradhishia kufunga, hapo hapo akamtaja mgonjwa na kumpa ruhusa ale, alipe siku nyengine. Mola amempunguzia mgonjwa haki Yake Mwenyewe. Sisi tumempunguzia nini?

Tuseme kweli, mchango wa baada ya balaa una utamu wake. Unamuona mgonjwa, unaona machozi ya mkewe, jina lako linasomwa kwenye orodha ya waliotoa, na jioni unalala ukijua umefanya jambo. Sisemi ni riyaa, Allah ndiye ajuaye nyoyo. Nasema moyo wa binadamu huamshwa na anachokiona. Lakini ukimlipia jirani bima ya afya akiwa mzima, huoni kitu. Labda mwaka utakwisha hajaumwa. Labda ataumwa, atatibiwa mapema, atarudi kazini, wala hutajua kama kulikuwa na mguu uliookoka kwa sababu yako. Hakuna machozi, hakuna orodha, hakuna wa kukushukuru. Sadaka hii huijui wewe matunda yake, sembuse watu. Basi nani anaijua?

Kuna jambo la pili, nalo ni sitara. Tunapomchangia mtu, tunalazimika kumtangaza. Jina lake, maradhi yake, deni lake, vyote vinapanda kwenye kipaza sauti na vinazunguka kwenye simu za watu asiowajua. Yule mzee hakuwa mtu wa kuomba. Mwenye bima hai anaingia hospitali na kitambulisho chake mkononi, anatibiwa kwa haki yake, anatoka na heshima yake. Ndugu zangu, kumsaidia mtu ni jambo moja, na kumsaidia bila kumvua nguo mbele ya watu ni jambo jengine, na hilo la pili ndilo kubwa.

Najua mna maneno, kwa sababu nimeyasikia barazani. Nayajibu moja moja.

*"Maalim, hiyo si kumkosea Allah tawakkul?"* Hadithi ya yule bwana aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, wengi wenu mmeisoma chuoni. Aliambiwa amfunge, kisha atawakali. Kujitayarisha kwa maradhi si kuyaita. Kila mvuvi wa hapa kwetu hutazama kamba yake kabla ya kutoka, wala hatumwambii imani yake ni ndogo.

*"Bima si ina utata katika sheria?"* Suali zuri. Wanavyuoni wameijadili sana bima ya kibiashara, ambapo kampuni inauza ahadi ili ipate faida. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1985, liliikataa ile ya kibiashara, likaikubali ile ya kusaidiana, ambayo watu wanatoa kwa nia ya tabarrui ili atakayefikwa asaidiwe. Mfuko wa umma ambao kila mtu anatia na mgonjwa ndiye anayetolewa, mimi nauona uko karibu na kusaidiana kuliko biashara. Mwenye shaka na aje tuzungumze, mlango uko wazi baada ya Alasiri.

*"Nimelipa mwaka mzima sikuumwa, pesa yangu imeliwa."* Hapa ndipo penye kiini cha darsa ya leo. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwasifu Ash'ariyyina, watu wa kabila la Abu Musa kutoka Yemen. Walikuwa chakula kikiwapungukia safarini au mjini kwao, hukusanya vyote walivyonavyo kwenye nguo moja, kisha hugawana kwa kipimo kimoja sawasawa. Akasema hao ni katika yeye, na yeye ni katika wao. Hebu fikiri: katika wale watu, lazima alikuwepo aliyetia nyingi akatoka na chache. Je, tende zake ziliibiwa? Aliyelipa na hakuumwa, pesa yake imemtibu mtu. Na yeye amepewa kilicho bora kuliko matibabu, amepewa afya. Wewe unataka kurudishiwa nini tena?

*"Lakini hiyo SHA yenyewe ina matatizo."* Kweli, wala sitawaficha. Nimesimama kwenye foleni na mgonjwa wangu tukaambiwa mtambo uko chini, turudi kesho. Wapo waliolipa na bado wakaambiwa wanunue dawa nje. Hayo ni makosa, na kuyasema ni haki yetu na ni wajibu wetu. Sadaka zetu haziwaondolei viongozi dhamana yao. Sheria ya mwaka 2023 iliyoleta mfuko huu inasema wasiojiweza kabisa serikali ndiyo iwalipie, na sisi tuna haki ya kuwauliza wawakilishi wetu: majina ya watu wa mtaa huu yako wapi katika orodha hiyo? Lakini mtu akizama, humwachi kwa sababu aliyepaswa kujenga daraja hakujenga. Unamtoa, kisha unakwenda kudai daraja.

Sasa tushuke kwenye mambo ya kufanya.

Kwanza, elimu. Tangu mfuko huu uanze Oktoba 2024, matibabu katika zahanati na vituo vya afya vya serikali vya daraja la pili na la tatu hulipwa na serikali, bora mtu awe amejisajili. Kujisajili hakuna malipo, unapiga *147# kwa simu yoyote ile, hata ya mulika mwizi. Malipo ya mwaka yanahitajika ili uhudumiwe na kulazwa kwenye hospitali kubwa. Mzee wetu hakujua. Alikuwa ameshajisajili, na zahanati ingeweza kumpima sukari na kulisafisha lile donda lingali dogo. Alidhani mlango wote umefungwa kwa sababu hajalipa. Yaani hata kabla ya pesa, alihitaji mtu wa kumwambia. Mtu huyo nilipaswa kuwa mimi. Kwa hivyo leo baada ya futari, muulize jirani yako mmoja: umejisajili? Watoto umewaandikisha? Wale wahudumu wa afya ya jamii wanaopita majumbani na mikoba yao, wafungulieni mlango, msiwajibu kutoka dirishani.

Pili, zaka. Nimeulizwa kama inafaa kumlipia maskini bima kwa pesa ya zaka. Aya ya 60 ya Surat Tawba imetaja mafungu manane, na ya kwanza ni mafakiri na masikini. Mtu asiyeweza kulipia matibabu ya watoto wake yumo humo. Lakini kwa madhehebu yetu ya Shafii zaka inataka kumilikishwa, yaani iingie mkononi mwa anayestahiki iwe mali yake. Basi usimlipie kimyakimya ukahesabu zaka. Mpe pesa yake, umshauri. Au mwambie, "Nina haki yako kwangu, waniwakilisha niilipie bima yako?" Akikubali, lipa kwa niaba yake. Akisema ana haja ya unga kwanza, basi ni unga, kwa kuwa ni mali yake. Sadaka ya kawaida haina sharti hilo. Na tahadhari: wazazi wako na watoto wako wanaokutegemea huwalipii kwa zaka, hao ni wajibu wako.

Tatu, walio chini ya mikono yetu. Yule dada anayekupikia futari, yule kijana wa dukani. Kisheria mwajiri anatakiwa amkate mfanyakazi asilimia 2.75 ya mshahara na aiwasilishe. Kama hujafanya hivyo, usianze na sadaka ya mtaani. Anza na haki ya nyumbani kwako. Haki ya mtu haigeuki kuwa ihsani kwa sababu imetolewa mwezi wa Ramadhani.

Nne, kitambaa. Kima cha chini cha mchango ni shilingi 300 kwa mwezi kwa nyumba, ingawa wengine hupangiwa zaidi kulingana na hali zao. Hiyo 300 ni shilingi 10 kwa siku. Shida ya mchuuzi na mtu wa mkokoteni si shilingi 10, shida ni 3,600 kwa mara moja. Akina mama zetu wanajua dawa yake tangu zamani, wanaita chama. Nyumba kumi zikiweka pamoja kila wiki, mfuko unalipia nyumba moja baada ya nyengine, ukianzia na yule mwenye mgonjwa au mja mzito. Kamati ya msikiti imekubali kuweka kitambaa cha aina hii kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, si Ramadhani peke yake. Hakutakuwa na jina la mtoaji wala la mpokeaji kwenye kipaza sauti. Hesabu itabandikwa ubaoni, idadi ya nyumba na kiasi, basi.

Nitawaambia na hili. Juzi nilikwenda kumtembelea mzee wetu. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi. Kabla sijaanza akaniuliza, "Maalim, yule jirani yangu muuza viazi, yeye amelipiwa?" Sikuwa na jawabu. Nikatoka pale bila kumaliza kahawa, nikaenda kumtafuta muuza viazi.

Usingoje Ramadhani iishe, wala usingoje kama nilivyongoja mimi iingie. Ukimuona mtu anachechemea, muulize.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, waliolala hospitalini na wanaojificha majumbani kwa kuogopa bili. Tujaalie mikono ya kutoa kabla ya kuombwa. Utusamehe tuliyoyachelewesha na kwa hao tuliowachelewesha. Amin.

Kesho inshaallah tutaendelea na adabu za kumi la mwisho.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.