Mtoto Asiyetulia na Amri ya Nane

Katika usharika wetu, Jumapili ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa mwezi Januari, tunawaita watoto mbele ya madhabahu ili tuwaombee. Miaka michache iliyopita mvulana mmoja wa miaka minane hakuweza kusimama mahali pake. Aligusa maua, akavuta shati la mwenzake, kisha katikati ya sala akauliza kwa sauti kubwa kama Mungu naye huenda likizo. Watu walicheka, wengine walikunja uso. Baada ya ibada mama yake alikuja ofisini kuomba radhi. Nilimjibu kwa sauti ya upole, lakini neno lenyewe halikuwa la upole. Nilimkumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Akasema, “Sawa, Mchungaji,” akaondoka. Sikumwona tena kanisani kwa miezi mitatu.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba mtoto yule alikuwa amehamishwa shule mara mbili, kwamba alichapwa karibu kila siku, na kwamba alikuwa amepelekwa kwenye maombezi ili atolewe pepo. Hospitalini walielezwa kuwa ana hali ambayo wataalamu huiita kwa kifupi ADHD, yaani upungufu wa umakini pamoja na kutotulia kupita kiasi. Mama yule alikuja kwangu akiwa na mzigo, nami nikamwongezea mwingine. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali nililolikwepa: je, mtoto anayeshindwa kutulia anatenda kosa? Na kama si kosa, sisi tunaomlea tunadaiwa nini?

Tuanze na hali yenyewe. Mtoto mwenye ADHD hasahau kwa sababu ya dharau. Uwezo wa kujizuia, kupanga na kushika alichoagizwa haufanyi kazi kwake kama kwa wenzake. Unamtuma maji, anafika mlangoni, anaona kinyonga, na maji yamekwisha kichwani mwake. Wengine hurukaruka na kukatiza mazungumzo; wengine, hasa wasichana, hukaa kimya huku mawazo yao yako mbali, nasi tunawaita wazito. Mara nyingi hali hii hurithiwa. Haitokani na malezi mabaya, wala uchawi, wala pepo. Kinachotuchanganya ni kwamba mtoto huyo huyo anaweza kucheza mpira au kuchonga gari la mti kwa saa nzima bila kuchoka. Ndipo tunaposema, “Mbona akitaka anaweza?” Lakini umakini unaovutwa na jambo linalompendeza ni tofauti na umakini anaopaswa kuulazimisha mwenyewe mbele ya jambo linalomchosha. Huu wa pili ndio uliopungua.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, mtu yule au wazazi wake. Swali hilo bado tunaliuliza kwenye jumuiya zetu, ila tunalivika nguo nyingine: “Huyu mtoto kalelewaje?” Yesu alilikataa swali lenyewe. Hakutafuta wa kulaumiwa. Alizungumza juu ya kazi ya Mungu iliyopaswa kuonekana kwa mtu yule, kisha akainama, akafanya tope, akaanza kazi. Mimi siku ile ofisini nilisimama upande wa wanafunzi.

Sisi Walutheri tumefundishwa kutofautisha Sheria na Injili. Sheria huamuru, na amri yake ni njema, lakini haimpi mtu nguvu ya kutimiza inachoamuru. Sisemi kwamba ADHD ni dhambi, la hasha. Nasema tu kwamba fundisho hili linapaswa kutufanya wepesi wa kuelewa jambo moja: kumwambia mtu “tulia” si sawa na kumwezesha kutulia. Fimbo humjulisha mtoto kwamba amekosea. Haimfundishi namna ya kukumbuka. Akichapwa kwa jambo asiloliweza, hujifunza kwamba yeye ni mbaya, na mtoto akishaamini hivyo ni vigumu sana kumwambia kwamba Mungu anampenda akatuamini.

Luther mwenyewe alilijua jambo hili mwilini mwake. Alisimulia kwamba akiwa shuleni alichapwa mara kumi na tano katika asubuhi moja kwa sababu ya somo la Kilatini ambalo hakuwa amefundishwa. Mwaka 1524, alipowaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi waanzishe shule, alizilaumu shule za utoto wake kwa mateso yake, akakubali kwamba vijana lazima wakimbie na kuruka, na akashauri wafundishwe kwa njia ya furaha. Hakuona kwamba kufanya hivyo ni kulegeza nidhamu.

Basi mzazi afanye nini kati ya Desemba na siku ya kufungua shule? Kwanza, mtoto ambaye hajapimwa apelekwe hospitali. Masikio na macho yaangaliwe, kwa kuwa asiyesikia vizuri naye huonekana msumbufu. Tena kuna aina ya kifafa kisichomwangusha mtoto chini, bali humfanya azubae kwa sekunde chache, na mwalimu akadhani anaota ndoto. Baadhi ya wenye ADHD hupewa dawa, wengine husaidiwa bila dawa. Aamue daktari pamoja na wazazi. Kumeza dawa si kukosa imani, kama ambavyo kuomba si kumdharau daktari.

Pili, tusingoje asubuhi ya siku ya kwanza. Wiki mbili au tatu kabla, mtoto aanze kulala na kuamka kwa saa za shule. Asiyejua kusoma vizuri achorewe ukutani kazi za asubuhi kwa mfuatano: ndoo ya kuogea, sare, kikombe cha uji, mkoba. Kila kimoja akikimaliza, akiguse kwa kidole. Sare na madaftari viandaliwe jioni na viwekwe mahali pale pale kila siku. Apewe agizo moja kwa wakati, akiwa anamtazama anayemwagiza. Na akifanya vizuri asifiwe papo hapo, si jioni baba akirudi, kwa maana jioni kwake ni mbali mno.

Tatu, mzazi aende shuleni kabla ya kelele za ufunguzi, amwone mwalimu wa darasa. Aombe mambo machache yanayowezekana: mtoto akae mbele, mbali na dirisha, kazi ndefu igawanywe, apewe nafasi halali ya kuinuka, kwa mfano kufuta ubao au kukusanya madaftari. Aseme pia yale ambayo mtoto anayaweza. Mwalimu akipokea orodha ya kasoro peke yake, atazipokea kama onyo.

Najua pingamizi linalokuja. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia, “Mchungaji, watoto wengine wataona upendeleo. Na huyu mwenyewe atajifunza kujificha nyuma ya ugonjwa.” Ni pingamizi la haki, nami silipuuzi. Kuhusu upendeleo, nakumbuka mana jangwani, katika Kutoka 16: kila mmoja aliokota kadiri ya mahitaji yake, na hakuna aliyepunjwa.  Kuhusu kujificha, jibu langu ni kwamba msaada hauondoi wajibu. Akimpiga mwenzake aombe radhi, akivunja kitu asaidie kukitengeneza. Yule mwenye hasira za ghafla bado anapaswa kujifunza kuzitawala, ila atajifunza polepole na kwa kushikwa mkono. Mithali 22:6 hutumiwa mara nyingi kutetea ukali, lakini katika Kiebrania mstari ule unasema juu ya njia yake mtoto, na baadhi ya wafafanuzi wameuelewa kuwa amfundishaye mtoto aangalie jinsi mtoto huyo alivyo. Wapo wanaouelewa vingine. Kwangu mimi, hata hivyo, sijaona mkulima anayepanda mahindi na migomba kwa kipimo kimoja, akajisifu kwamba ametenda haki.

Sasa nifike kwenye amri ya nane. Katika Katekisimo Ndogo tulijifunza tukiwa kipaimara kwamba amri hii haikatazi uongo wa mahakamani tu. Inatutaka tumtetee jirani, tumnene mema, na tuyachukue mambo yake kwa upande ulio mwema. Sikumbuki kuwahi kufundishwa kwamba mtoto wa miaka minane ni jirani. Lakini tunapomwita mtukutu, mvivu, sikio la kufa, huku hatujui kilicho ndani yake, tunatoa ushuhuda wa uongo, na mashahidi wake ni wengi kuliko yeye: mwalimu, shangazi, jirani, mchungaji. Ushuhuda huo humtangulia shuleni hata kabla hajaketi. Kwa hiyo nadhani maandalizi ya kwanza ya mwaka wa shule ni sisi watu wazima kuyafuta maneno yetu.

Na amri hiyo hiyo inamlinda mwalimu. Mwalimu mwenye watoto themanini darasani naye ni jirani. Akishindwa kumfuata mtoto mmoja, si lazima awe hana moyo. Huenda na yeye anaamriwa bila kuwezeshwa. Usharika wenye walimu wastaafu na vijana waliomaliza masomo hauwezi kumlaumu tu. Unaweza kumpa mtoto saa moja ya kusaidiwa kazi za shule, mara mbili kwa wiki, katika chumba cha shule ya Jumapili ambacho siku hizo hukaa kitupu. Kwetu tumeanza na watu watatu.

Nilikwenda nyumbani kwa mama yule kuomba radhi. Alinisikiliza, akakaa kimya, kisha akasema, “Mchungaji, mimi nilidhani hata Mungu amenichoka.” Sikuwa na jibu zaidi ya kumwambia kwamba si Mungu aliyesema yale, ni mimi. Mtoto alikuja na chai, nusu yake imemwagika kwenye sinia, akaniuliza maswali saba kabla sijamaliza kikombe.

Januari iliyofuata tulifupisha sala, tukampa yeye kazi ya kugonga kengele watoto walipoitwa mbele. Aliigonga kuliko ilivyohitajika. Mama yake alikuwa amekaa benchi la pili.