Usiguse Kigeu cha Mwenzako

Wanangu mnaoandika programu za takwimu, makro unayoiandika leo itatumiwa kesho na mtu ambaye huenda msionane. Ataiita ndani ya kazi yake bila kusoma hata mstari mmoja, kwa kuwa amekuamini. Imani hiyo ni amana, na amana haichezewi.

Chukueni mfano. Soko la Toi, ukingoni mwa Kibera jijini Nairobi, liliteketea katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Machi 2019 likaungua tena. Baada ya moto swali huwa ni lile lile: kibanda chako kilikuwa wapi, uliuza nini, umepoteza kiasi gani? Tuseme majibu hayo yameletwa kwako uyajumlishe kwa programu ya takwimu ya SAS. Safu ni 4: nguo za mitumba, viatu, mboga na vyombo. Makro yako kuu inazipitia moja baada ya nyingine kwa kigeu kiitwacho i. Katika kila safu inaita makro ndogo ya mwenzako, inayojumlisha aina 5 za hasara: bidhaa, mbao, mabati, meza na fedha taslimu. Nayo inahesabu kwa i, wala haikutangaza kwamba i hiyo ni yake.

SAS ikikuta jina halijatangazwa ndani ya makro, hulitafuta katika makro iliyoiita. Ikilipata huko, hulibadilisha huko huko. Basi makro ndogo inamaliza kazi ikiacha i ni 6. Makro kuu inaongeza 1, inapata 7, inaona safu zimekwisha. Wauza nguo wamehesabiwa. Wa viatu, mboga na vyombo hawamo. Logi haioneshi kosa lolote na jedwali linatoka safi. Lau aina za hasara zingekuwa 2, programu ingeirudia safu ya 4 bila kikomo, huku ya 2 na ya 3 haziguswi kamwe.

Programu ikigoma, anayesumbuka ni wewe mwandishi. Ikinyamaza na kukosea, anayedhulumiwa ni mama muuza sukuma wiki aliyejieleza mbele ya majivu ya kibanda chake, akaondoka akijua ameandikwa. Hatajua kwamba jina lake lilipotelea kwenye herufi moja.

Kwa hiyo jizoeze adabu hii. Mwanzoni mwa kila makro, tangaza vigeu vyako vyote kwa %local, hata kile cha kuhesabia tu. Unachokihitaji kutoka nje, kiombe kupitia parameta, maana parameta za makro hubaki kuwa zake. Pale Toi muuzaji anajua kamba yake ya kutundikia nguo inaishia wapi, na akitaka nafasi ya jirani humwomba. %global itumie pale tu ambapo huna budi, kwa jina refu lisiloweza kugongana na la mtu. Ukiwa na shaka, andika %put _user_. Nayo SAS itakuorodheshea vigeu ulivyounda na makro ambamo kila kimoja kinaishi.

Nanyi mnaotumia Stata, programu nyingine ya takwimu, msijione mmesalimika. Kweli, local hujulikana ndani ya programu yake peke yake, lakini global hubaki hadi uifute au ufunge kikao, na programu yoyote yaweza kuibadilisha. Anayeweka kila kitu kwenye global ili asisumbuke kupitisha thamani anamwachia mwenzake mzigo ambao hakuuomba.

Kabla ya kumkabidhi mtu makro, iite ndani ya mzunguko unaotumia i, kisha hesabu safu zilizotoka. Nawe uliyekabidhiwa, linganisha idadi ya waliohojiwa na ya waliojumlishwa. Akikosekana hata mmoja, usipeleke ripoti mpaka umempata.