Haki za Njia: Mawaidha kwa Watu wa Njia Panda za Kariakoo

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanaadamu kwa rangi na lugha mbalimbali. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu zetu Waislamu, Kariakoo ya Dar es Salaam ni mtaa uliopewa jina na watu wa safari. Zama za Vita Vikuu vya kwanza, Waingereza waliwaweka hapo wachukuzi wao wa jeshi, kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na ulimi wa wenyeji ukaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Baadaye pakawa soko. Hata leo, asimamaye zinapokutana njia za Msimbazi na Uhuru huwaona Mzaramo na Mkinga, Mchaga na Mpemba, Mhindi, Mwarabu na Mchina. Na wanunuzi watokao Kongo, Zambia na Komoro. Huyu yuaenda msikitini, yule kanisani, na wote wapita njia moja.

Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Sura ya Hujurat, aya ya 13, kwamba alitufanya mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu ni amchaye zaidi. Basi kukutana kwetu njiani si jambo la bure. Ni mtihani.

Wamepokea Bukhari na Muslim, kwa Abu Said al-Khudri, kwamba Mtume (s.a.w.) aliwakataza sahaba zake kukaa njiani. Wakasema hawana budi, kwani hapo ndipo wanapozungumzia. Akawaambia kuwa wasipokuwa na budi basi waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Haki zote hizi ni wajibu kuziangalia, walakini tutasema khasa juu ya kuzuia udhia, kwani hiyo ndiyo inayopuuzwa.

Imam Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba manufaa ya njia ni kupita. Yajuzu mtu kukaa humo kwa kupumzika au kufanya biashara, maadamu hawabani wapitao. Na aweza kujitilia kivuli kwa jamvi na mfano wake. Wakitangulia wawili kwa pamoja, hupigwa kura. Aondokaye kwa nia ya kurudi haki yake haipotei, ila akikawia hata wateja wake wakamzoea mwingine. Tazama, ewe ndugu, jinsi sharia ilivyomhurumia mchuuzi maskini! Lakini imemwekea mpaka mmoja: asiwabane wapitao. Atandazaye viatu vyake hata kipofu akose pa kukanyaga, na mama mwenye mtoto mgongoni akalazimika kushuka katikati ya magari, huyo ameuvuka mpaka. Na mwenye duka amtozaye mchuuzi ujira wa njia iliyo mbele ya duka lake, auza kisicho chake. Wanavyuoni wa madhehebu yetu wamekataza kuchukua malipo kwa kukaa njiani.

Tena serikali ikiweka utaratibu kwa maslaha ya watu, kama ilivyowaamuru wachuuzi mwaka 2021 wahamie sehemu walizopangiwa, yapasa kuutii. Lakini askari apinduaye kapu la maskini, au ajichukuliaye bidhaa zake, naye ni dhalimu. Amri ya kumhamisha mtu si ruhusa ya kula mali yake.

Sasa fahamuni jambo lililo zito kuliko yote. Toba ya dhambi baina yako na Mola wako ina masharti matatu: kuacha, kujuta, na kuazimia kutorudia. Lakini ikiwa dhambi ni ya haki ya mtu, lipo sharti la nne: kumrudishia mwenyewe haki yake, au akusamehe. Aishiye kijijini akimdhulumu jirani, asubuhi atamgongea mlango. Wewe wa njia panda utamgongea nani? Umempunja kitambaa mtu wa Lubumbashi, naye ameshapanda gari kwenda kwao. Umemsukuma mzee usiyemjua jina. Wadeni wako wametawanyika katika nchi, na daftari yao haiko mkononi mwako. Wanavyuoni wamesema mtu amtafute mwenye haki, au warithi wake. Akikata tamaa ndipo aitoe kwa mafakiri au maslaha ya watu. Je, ni wangapi wafanyao hivyo?

Wala mtu asiseme, "Yule si Mwislamu." Amepokea Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe atakuwa khasimu, Siku ya Kiyama, wa yule amdhulumuye asiye Mwislamu aliye katika ahadi. Ni nani atakaye kusimama kushitakiwa na Mtume wake?

Wafanya biashara walijua neno muflis. Amepokea Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa muflis wa umma wake ni ajaye na sala, saumu na zaka, hali amemtukana huyu na kula mali ya yule, wakagawiwa mema yake, na yakiisha hubebeshwa maovu yao.

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo, wakafa watu zaidi ya 20. Je, aliyelia chini ya kifusi aliulizwa kabila lake? Basi huruma tuionayo siku ya msiba na tuiweke njiani kila siku. Kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Sogeza meza yako mkono mmoja, timiza kipimo, rudisha salamu, na mgeni mwombe radhi papo hapo, kabla watu hawajammeza. Kwani huenda msionane tena ila mbele ya Hakimu asiyepotelewa na mtu.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuzitimiza haki za waja wake. Amin. Wabillahi t-taufiq.