Tai ukutani: Ni pambo tu?

Rafiki yangu mmoja wa hapa Bagamoyo (ya Tukuyu, si ile ya pwani) alirudi kutoka Dar es Salaam na nakala ya mchoro wa kale wa Kizungu: tai ameng'ang'ania tawi, jicho kali, kila unyoya umechorwa kwa mkono. Akautia fremu, akautundika sebuleni upande wa kibla. Mama mkwe wake alipokuja kuwatembelea alikataa kusali mle. Akatandika msala jikoni, siku tatu, bila kusema neno. Ndipo nikaitwa.

Rafiki yangu alikuwa na hoja tayari: "Ustadh, si masheikh wameshahalalisha picha?" Wapo, akiwemo Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri. Lakini yeye alizungumzia picha za kamera, akaziona ni kivuli kilichozuiliwa. Tai huyu kachorwa. Fatwa ile haimfikii.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Bi Aisha (r.a.) alitundika pazia lenye picha, Mtume (s.a.w.) akachukia, likashushwa, naye akalikata akafanya mito. Imam Nawawi, wa madhehebu yetu ya Shafi, akaeleza kuwa picha ya chenye roho ukutani ni haramu, lakini kwenye busati linalokanyagwa si haramu. Wamaliki wengi wanaona picha isiyo na kivuli ni makuruhu tu. Wapo watakaonitajia Ustad Mansur, aliyemchorea Jahangir wa India ndege wawindaji. Sawa, lakini mfalme si dalili.

Nikamuuliza: kwa nini tai, si mti? Akajibu: "Ana hadhi." Basi hapo ndipo penye shida, maana hadhi ile aliitaka yeye, kwa wageni wake. Ndege mwenyewe alipata nini? Audubon wa Marekani, ambaye michoro yake ya ndege ilitoka kati ya 1827 na 1838, aliwapiga risasi kisha akawasimamisha kwa nyaya ili waonekane wazima. Tunasifu uhai wa maiti! Na mwewe halisi akipita juu ya migomba kutafuta vifaranga, watoto wa nyumba ile ile hukimbilia manati. Wakati Sura Al-Mulk, aya ya 19, inatutaka tuwatazame ndege walio juu yetu, wanavyokunjua mbawa na kuzikunja.

Sikumwambia auchome. Abu Daud amepokea kuwa Bi Aisha alikuwa na farasi wa kuchezea mwenye mbawa za viraka, na Mtume (s.a.w.) alipomwona alicheka. Wanachuoni wengi wameruhusu vitu vya watoto. Basi mchoro ukashushwa, ukaingia kwenye faili la shule. Siku hizi mwewe akipita, watoto huutoa wakalinganisha mkia na kucha. Manati bado ipo.

Mama mkwe alisali Magharibi sebuleni jioni ile ile. Msumari haujang'olewa, na rafiki yangu analalamika kuwa ukuta uko mtupu.